Radburn na Swali la Nani Anaruhusiwa Kugombea

Ukitaka kuujua uchaguzi, acha kwanza masanduku ya kura. Tafuta karatasi ya majina, uulize imeandikwa na nani.

Watanzania hili tunalijua vizuri. Mwaka 1965, kwenye uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, mpiga kura wa Tanganyika aliwekewa alama mbili: jembe na nyumba. Alikuwa huru kuchagua kati ya hizo mbili. Ila watu waliosimama nyuma ya jembe na nyumba walikuwa wameshapitishwa na vikao vya juu vya TANU. Mpaka leo, msimu wa uchaguzi ukifika, mgombea anaogopa kukatwa jina kabla hajaogopa kushindwa.

Historia ya namna hiyo ipo pia mahali ambapo wengi tusingeitafuta: Radburn, kitongoji kidogo ndani ya Fair Lawn, jimbo la New Jersey, Marekani. Wanafunzi wa mipango miji wanakijua kwa michoro yake. Mimi kinanivutia kwa sababu ya bodi yake.

Radburn ilifunguliwa mwaka 1929. Wachoraji wake, Clarence Stein na Henry Wright, walikuwa wanatafuta jibu la tatizo jipya la wakati ule: magari. Wakapanga nyumba zitazame bustani ya pamoja, barabara zibaki upande wa nyuma, na mtoto aweze kwenda shule kwa njia ya miguu inayopita chini ya barabara. Kampuni ya City Housing Corporation ilikusudia mji wa watu 25,000. Oktoba ya mwaka huohuo soko la hisa la New York likaanguka, na miaka michache baadaye kampuni nayo ikafilisika. Kilichojengwa ni kipande tu cha ndoto, makazi ya familia mia sita na kitu.

Sasa, bustani ile ya pamoja ni ya nani? Nani anakata majani, nani analipa? Mwanasheria Charles Ascher ndiye aliyeandaa jibu. Kikaundwa chama, Radburn Association, na hati ya kila nyumba ikafungwa na masharti: lipa ada ya mwaka, usibadilishe sura ya nyumba bila kibali. Masharti hayo yanafuata ardhi. Ukiuza nyumba, mnunuzi anayarithi pamoja na kuta na paa.

Masharti ya kwenye hati yalikuwepo Marekani hata kabla ya Radburn, na sehemu nyingi yalitumika vibaya, kuzuia watu Weusi wasinunue nyumba, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyasimamia masharti ya aina hiyo. Mfumo wenyewe ulibaki. Kuanzia miaka ya 1960 vyama vya wamiliki wa nyumba vilienea kwa kasi, na leo makumi ya mamilioni ya Wamarekani wanaishi chini yake. Bodi ya chama inapanga ada, inatoza faini, na inaweza kumburuza mdaiwa mahakamani. Ni serikali ndogo hiyo, hata kama haina bendera.

Ndipo tunarudi kwenye karatasi ya majina. Kwenye nyaraka za Radburn, neno "mwanachama" halikumaanisha mwenye nyumba. Wanachama walikuwa wajumbe wa bodi waliopo na waliowahi kuwepo. Hao ndio waliopendekeza nani agombee. Mwenye nyumba alilipa ada, alifuata masharti, na siku ya uchaguzi alipigia kura majina aliyoletewa. Kusimama mwenyewe akasema "na mimi nataka" ilikuwa habari nyingine.

Tusiwe wepesi wa kuucheka utaratibu huo. Bustani za Radburn zimedumu, na mwaka 2005 eneo lilipewa hadhi ya alama ya kihistoria ya taifa. Mtu anaweza kusema: mngeachia kila mtu agombee, kesho angepita mtu wa kuuza viwanja vya wazi. Hoja hii ina uzito. Lakini ndiyo hoja ya kila kikao kilichowahi kukata majina: tunawalinda dhidi yenu wenyewe.

Wapo wakazi waliochoka wakaenda mahakamani, na kuhusu uchaguzi hawakupata walichokitaka. Hali ya jimbo lile haikuwa rahisi kwa walalamikaji. Mwaka 2007, kwenye kesi ya Twin Rivers, Mahakama Kuu ya New Jersey ilikuwa imekataa madai ya wakazi kuhusu mabango, ukumbi na gazeti la chama. Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo ililegea kidogo: ikamlinda mkazi aliyebandika kwenye nyumba yake tangazo la kampeni yake ya udiwani.

Mlango ulikuja kufunguliwa na bunge la jimbo. Mwaka 2017 ikapitishwa sheria ambayo watu huiita kwa jina la Radburn. Kila mwenye nyumba ni mwanachama, na mwanachama asiye na deni anaweza kujipendekeza, kugombea na kupiga kura. Kutoka 1929 hadi hapo ni miaka 88.

Kwetu mambo haya yameshabisha hodi. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, Kenya ina yake ya 2020, na zote zinawaweka wenye fleti ndani ya chombo kimoja cha kusimamia jengo. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi anauliza kuhusu maji, jenereta, lifti na maegesho. Ni sawa kabisa. Ila kabla ya kusaini, aombe pia kanuni za chama, atafute ukurasa unaosema mwanachama ni nani na jina la mgombea linapita kwa nani. Wakazi wa Radburn walikuwa na bustani nzuri kuliko zetu, na ukurasa huo uliwagharimu miaka 88.