Mnyonge Mnyongeni: Malawi Katika Kombe la Afrika

Katika wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, yapo makazi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kabla ya mwaka 1994 palikuwa gereza, na jina lenyewe, kwa Kichewa, husemwa kuwa ni kauli ya mfungwa aliyekoma: sitarudia tena. Leo wamo watu zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mwalimu wa Kiswahili afikaye huko hatakosa wa kuzungumza naye.

Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika lilipochezwa Kameruni, wengi wa wakazi hao hawakuwa na timu ya kwao ya kushangilia. Kongo haikufuzu, wala Burundi, wala Rwanda. Tanzania, Kenya na Uganda nazo hazikuwako. Iliyokuwako ni Malawi, nchi iliyowapokea. Tena ni Malawi iliyoifungia Uganda mlango kwa bao 1 kwa 0, mjini Blantyre, Machi 2021. Hata hivyo wachache walitazamia kwamba ingefika mbali.

Dharau hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 1984, huko Kodivaa, Malawi ilifungwa na Aljeria 3 kwa 0, ikatoka suluhu na Naijeria, ikafungwa na Ghana, ikarudi nyumbani. Haikuonekana tena kwa miaka 26. Waliosema Wamalawi hawajui kandanda walisahau kwamba Kombe la Chalenji la kanda yetu walikuwa wamelitwaa 1978 na 1979, na 1988 wakalitwaa tena.

Tarehe 11 Januari 2010, mjini Luanda, walikutana na Aljeria ileile, ambayo ilikuwa imekwisha kufuzu Kombe la Dunia. Mabao yakawa 3 kwa 0, safari hii upande wa Malawi. Kocha alikuwa Kinnah Phiri, mshambuliaji wa enzi zile za Chalenji. Lakini baadaye Malawi ilifungwa na Angola, kisha na Mali, na Aljeria ndiyo iliyosonga mbele! Heshima ile ikawa ya siku moja.

Ya 2022 ilikuwa ya namna nyingine. Baada ya kufungwa na Gine, Malawi iliishinda Zimbabwe 2 kwa 1, mabao yote mawili yakiwa ya Gabadinho Mhango. Kisha ikatoka suluhu bila bao na Senegali, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe. Kwa mara ya kwanza Malawi ikaingia hatua ya mtoano. Yaoundé, dakika ya 7, Mhango akapiga mpira kutoka mbali mno na kumpita mlinda lango wa Moroko. Moroko ilishinda 2 kwa 1. Wengi hulikumbuka bao hilo. Sisi twaithamini zaidi suluhu na Senegali, kwani bahati haidumu dakika 90.

Wala tusiwasahau jirani zetu Wakomoro. Siku moja kabla ya hapo, wakiwa na beki, Chaker Alhadhur, langoni kwa kukosa kipa, walifungwa na wenyeji Kameruni 2 kwa 1 tu.

Mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwamo, waliamriwa kurejea Dzaleka. Uwanja mkubwa wa Bingu, uliofunguliwa Lilongwe mwaka 2017, ukawa kwa wengi wao uwanja wa kusikia redioni.