Fimbo na Ukoo katika Budalang'i

Katika Budalang'i, nchi ya Wanyala penye mdomo wa mto Nzoia, kumrudi mtoto lilikuwa jambo la ukoo: ami aliweza kuishika fimbo, na nyanya aliweza kuizuia. Mafuriko, yakiwemo ya 1961, 2003 na 2020, yaliwatoa watu makwao. Mzazi aliyelemewa kambini, nadhani, hupiga kwa uchovu kuliko kwa kufunza, wala hapana wa kumshika mkono. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia haki ya kuadhibu kwa kiasi (kiasi gani, haikusema). Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikamkinga kila mtu na adhabu ya mwili. Lakini nyanya wa kukimbiliwa jioni mara nyingi yu mbali.