Maisha ya Mabwenini Chuo Kikuu: Wasia kwa Wadogo Zetu



Kila mwaka siku ya mkutano wetu hapa Mkuu, vijana waliopata nafasi vyuo vikuu hutuvuta pembeni sisi wakubwa wao, na maswali yao huwa ni yaleyale. Je, niende na godoro? Bumu hutoka lini? Ni kweli kwamba mwaka wa kwanza hunyanyaswa? Kamati ikaona ni afadhali majibu yaandikwe mara moja yabaki. Nami nimeona kwamba majibu hayo hayaeleweki vizuri bila ya historia, kwa sababu mengi mtakayoyakuta huko mabwenini yalianza kabla hamjazaliwa.

Wakati wa Makerere

Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kijana wa Kilimanjaro aliyefaulu sana alikwenda Makerere, Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma huko tangu 1943 hadi 1945. Reli ilimchukua kijana Moshi, ikapita Voi na Nairobi, ikamfikisha Kampala. Huko alivaa joho jekundu la wanachuo, akapangiwa bweni lenye jina la mkubwa wa Kiingereza, kama vile Mitchell au Northcote. Wanawake, ambao walikuwa wachache zaidi, walikuwa na bweni lao la Mary Stuart.

Huku nyumbani kahawa ndiyo iliyobeba mzigo. Chama chetu cha ushirika, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha za kusomesha vijana. Hivyo mwanachuo alijua bila ya kuambiwa kwamba kila sahani aliyokula ilikuwa imechumwa kihambani na mama wa mtu. Alikuwa mmoja kati ya wachache, na mtaa mzima ulimjua kwa jina. Akirudi likizo aliulizwa habari za masomo hata na wazee wasiojua kusoma.

Mlimani

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakuzidi 15, wote wa Sheria. Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima kilichoko kilometa 13 hivi kutoka katikati ya mji, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Kuanzia 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Kisha tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Miaka hiyo Serikali ilikuwa kama mzazi. Mwanachuo alipewa kitanda, chakula cha kafeteria na fedha kidogo za matumizi. Lakini mtoto na mzazi walikwaruzana mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo ingewafanya wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda wa miezi 18. Lilikuwapo hata bango lililosema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu alighadhibika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao siku hiyo, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Kijana alitakiwa kufanya kazi miaka miwili kwanza, apate sifa nzuri kazini na katika Chama, ndipo aombe nafasi ya chuo. Kwa hiyo waliojaa mabwenini baadaye walikuwa watu wazima, wengine wana wake na watoto. Hata hao hawakukaa kimya. Machi 1978 waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara ya wabunge na mawaziri, na mamia wakafukuzwa, ingawa baadaye walirejeshwa.

Nasimulia haya ili mjue kwamba bweni la chuo kikuu halikuwa mahali pa kulala tu. Hoja zilizoanza usiku kati ya vitanda viwili ziliweza kufika Ikulu asubuhi.

Ukuta wa Mzee Punch

Sasa nijibu swali la kunyanyaswa, na hapa nawaomba msome polepole.

Kwa miaka mingi palikuwapo Mlimani desturi iliyoitwa Mzee Punch. Watu wasiojulikana walibandika ukutani michoro na maandishi ya kumdhihaki mwanafunzi fulani, mara nyingi mwanamke, na mara nyingi kwa matusi ya aibu. Aliyebandikwa alitengwa, wenzake waliogopa kuonekana naye wasije wakabandikwa wao. Wapo walioisifu desturi hiyo kuwa ni utani wa wasomi.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa kwanza, baada ya kuandamwa hivyo kwa muda, alijiua. Nchi ilishtuka. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA waliipigia kelele habari hiyo, na Mzee Punch akapigwa marufuku.

Fikirini jambo hili. Waliobandika huenda walikuwa wachache tu. Lakini waliosimama mbele ya ukuta wakasoma, wakacheka, kisha wakaenda darasani, walikuwa wengi. Na binti yule alikuwa na majirani, alipanga foleni ya chakula pamoja na watu, alipishana na watu kila siku. Siku hizi hakuna ukuta. Kuna simu, na katika kundi la simu mtu hubandikwa mbele ya mamia kwa dakika moja. Ukipelekewa kitu cha namna hiyo, usikipeleke mbele. Kisha, na hili ndilo kubwa zaidi, nenda kakae na huyo aliyebandikwa.

Bumu

Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 hali ilibadilika. Serikali ilianza hatua kwa hatua utaratibu wa kuchangia gharama, na mzazi yule wa zamani akawa anajitoa kidogo kidogo. Julai 2005 Bodi ya Mikopo ilianza kazi. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanachuo huziita bumu, ni mkopo unaolipwa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Wanafunzi nao wakaongezeka kuliko vitanda, na neno "kubebana" likazaliwa: mwenye kitanda anamkaribisha asiye nacho, wanalala wawili. Mwaka 2017 Mlimani ilipata mabweni mapya ya majengo 20 yenye nafasi 3,840, nayo yalisaidia sana. Hata hivyo wako wanaopanga vyumba mitaani kama Changanyikeni na Sinza.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini, mimi nilikaa chumba kimoja na kijana tuliyetoka naye shule hii. Chuo sitakitaja wala jina lake. Baba yake alifariki tukiwa mwaka wa kwanza, naye akawa anatuma nyumbani sehemu kubwa ya fedha zake za chakula kwa ajili ya wadogo zake. Jioni nilipomwita twende kula alisema ameshiba. Nilimwamini, kwa sababu kumwamini kulinipunguzia gharama. Muhula wa pili aliacha kuhudhuria mihadhara, nikasema moyoni kwamba ni mvivu. Akashindwa mitihani. Alfajiri moja alifunga sanduku lake la bati polepole asiniamshe, nami nilikuwa macho, nikajifanya nimelala kwa kuwa sikujua la kumwambia.

Chuoni hapo tulikuwa watano kutoka shule hii. Kama ningesema neno moja tu kwa wale watatu wengine, tungechanga, na kijana yule angemaliza. Miaka mingi baadaye nilimkuta hapa sokoni Mkuu anauza ndizi. Alifurahi kuniona, akanipa mkungu mzima, akakataa fedha. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Wasia

Basi majibu yenu ni haya.

Kwanza, kuhusu godoro: soma barua yako ya kujiunga mpaka mstari wa mwisho, kwa maana kila chuo kina utaratibu wake. Lakini neti usiache. Sisi tuliokulia juu huku kwenye baridi, malaria ya Dar es Salaam hutupiga vibaya.

Pili, bumu hutoka kwa awamu na mara nyingine huchelewa. Likitoka, ligawe kwa majuma siku hiyohiyo kabla hujanunua viatu. Wengi hula kuku wiki mbili, kisha wakaishi kwa uji na kukopa.

Tatu, hakuna kengele wala mwalimu wa zamu wa kukuamsha. Usipokwenda darasani hakuna atakayekuuliza, hadi matokeo yatakapokuuliza yenyewe. Ukipata sapu usione haya, irudie. Wengi wenye vyeo leo walipata sapu. Kudisko huanza siku unapoficha kwamba umeshindwa kufuata.

Nne, ukiishiwa, sema. Kwetu tumelelewa kuona kwamba mwanamume hasemi njaa yake. Hilo acheni huku huku Mkuu.

Tano, mwenzako akisema ameshiba siku tatu mfululizo, usimwamini.

Naona pia haifai wasia huu uishie kwenye karatasi. Kwa hiyo naomba mkutano wetu upitishe mambo mawili. La kwanza, Katibu aandike orodha ya wanashule wetu walioko katika kila chuo, pamoja na mwaka wa masomo wa kila mmoja, na atakayefika mwaka wa kwanza apokewe na mwenzake kituo cha mabasi, iwe ni Mbezi Dar es Salaam au Dodoma, au hapo Moshi mjini, ambako Chuo cha Ushirika cha mwaka 1963 kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014. La pili, tuwe na mfuko mdogo wa dharura, usio na fomu nyingi, wa kumlisha kijana mwezi mmoja au miwili wakati mambo ya kwao yanatengenezwa. Mimi natoa mchango wa kwanza siku ya mkutano, mezani kwa Mweka Hazina.

Wazee wetu walisomeshwa kwa kahawa ya watu wengi waliochanga kidogo kidogo. Kahawa imepungua vihambani, lakini kuchanga bado tunaweza.

Nawatakia safari njema na masomo mema.