Tinti nyeusi si lazima izuie joto: Jinsi ya kuchagua utando wa vioo vya gari

WENYE magari wengi humwendea fundi wa tinti wakiwa na swali moja tu: ni ipi iliyo nyeusi zaidi? Huamini kwamba kioo kinachoficha uso wa abiria ndicho pia kinachozuia jua, na kwamba giza na ubaridi ni ndugu wa toka nitoke. Imani hiyo imewatia wengi hasara. Upo utando mweusi tititi ambao huruhusu joto kupenya kwa wingi, na upo mwingine mwangavu, usiotambulika kwa urahisi kuwa umebandikwa, ambao hulizuia vyema.

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kwanza kutazama kile ambacho jua hutuma. Nishati ya jua inayofika ardhini ina sehemu tatu. Nuru inayoonekana kwa macho hubeba takriban asilimia 44. Miali ya infraredi, ambayo haionekani lakini ngozi huihisi kama joto, hubeba zaidi kidogo ya nusu. Kinachosalia, kama asilimia tatu hadi tano, ni miali ya urujuanimno, ile inayobabua ngozi na kupausha viti. Rangi nyeusi ya kawaida hupunguza hasa sehemu ya kwanza, na kuiacha sehemu kubwa ya ile ya pili ipite ipendavyo.

Ikishaingia, miali hiyo hufyonzwa na dashibodi, usukani na viti. Vitu hivyo hupata moto na kuanza kutoa joto la mawimbi marefu, ambalo kioo hakiliruhusu kutoka nje kama kilivyoruhusu nuru kuingia. Joto hunaswa ndani na gari likawa tanuri.

Kasi ya jambo hili huwashangaza wengi. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2005, ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika muda wa saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za mwanzo. Hali ilikuwa hivyo hata siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 tu, hali ya hewa ambayo mkazi wa Nairobi huiona kuwa ya kupendeza. Kufungua madirisha kidogo hakukusaidia sana.

Kwa sababu hiyo, lazima lisemwe wazi kabla ya kuzungumzia bei na rangi: hakuna utando wowote, hata uwe ghali kiasi gani, unaomfanya mtoto awe salama akiachwa ndani ya gari lililofungwa. Utando hupunguza mwendo wa joto kupanda. Hauuzuii. Mwili wa mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, na mzazi anayeingia dukani "kwa dakika tano tu" hawezi kutegemea tinti.

Mnunuzi anapofika dukani huonyeshwa vitabu vya vipande vya rangi na orodha ya tarakimu. Tarakimu tatu ndizo zenye maana. Ya kwanza huandikwa kwa herufi VLT, nayo ni asilimia ya nuru inayoonekana ambayo utando huruhusu kupita. Utando wa asilimia tano ni giza totoro. Wa asilimia 70 ni mwangavu. Tarakimu hii hueleza giza tu. Haisemi lolote la uhakika kuhusu joto, ijapokuwa ndiyo inayotajwa zaidi madukani.

Ya pili ni ile ya kuzuia infraredi, na hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho. Infraredi ya jua imeenea katika mawimbi ya nanomita 780 hadi 2,500. Mtengenezaji anaweza kupima utando wake katika kipande kidogo cha upana huo, pale unapofanya vizuri zaidi, kisha akatangaza kwamba unazuia asilimia 95. Tarakimu hiyo si ya uongo, ila haielezi mambo yote. Yule taa anayoiwasha muuzaji na kumwambia mteja aweke mkono nyuma ya kioo hufanya kazi kwa mtindo huohuo: huonyesha sehemu moja ya joto na kunyamazia nyingine.

Tarakimu ya tatu, yenye herufi TSER, ndiyo ya kutegemewa. Hujumlisha nishati yote ya jua, yaani nuru, infraredi na urujuanimno, na kueleza ni asilimia ngapi inayokataliwa. Ndani yake mna pia kiasi ambacho kioo chenyewe hukataa hata bila utando. Tinti ya rangi ya bei nafuu mara nyingi huwa chini ya asilimia 40, ilhali ile bora ya kauri hufikia 50 au 60. Muuzaji asiyeweza kuonyesha tarakimu hii iliyochapishwa na mtengenezaji, huenda hajui anachouza.

Kuna hesabu ndogo inayoweza kumwokoa mnunuzi mikononi mwa walaghai. Tuseme muuzaji ana utando mwangavu wa asilimia 70, na anadai kwamba unazuia asilimia 90 ya joto lote la jua. Nuru inayoonekana ni asilimia 44 ya nishati. Ikiwa asilimia 70 ya nuru hiyo inapita, basi takriban asilimia 31 ya nishati yote tayari imeingia garini, hata kama infraredi na urujuanimno zimezuiwa kabisa. Hivyo basi, utando huo hauwezi kamwe kukataa zaidi ya asilimia 69, na kwa hakika hukataa pungufu ya hapo. Dai la asilimia 90 haliwezekani kwa sheria za maumbile, wala hakuna haja ya kubishana.

Upungufu huo hutokana na jinsi utando unavyofanya kazi. Baadhi ya aina huakisi joto lirudi lilikotoka. Nyingine hulifyonza, kioo chenyewe kikapata moto, kisha sehemu ya joto hilo hutoka nje na sehemu huingia ndani. Gari likiwa mwendoni, upepo hukipoza kioo na kubeba sehemu kubwa. Likiwa limesimama katika msongamano pasipo upepo, sehemu inayoelekea ndani huongezeka. Ndiyo maana tinti inayosifiwa katika barabara kuu huweza kulaumiwa katikati ya jiji.

Kuhusu aina zenyewe, ya bei ya chini ni ile ya rangi, ambayo ni karatasi ya plastiki ya poliesta iliyotiwa rangi. Hupunguza mng'ao na kusitiri waliomo ndani, lakini chini ya jua kali rangi yake huchakaa. Magari yenye vioo vya zambarau vilivyojaa malengelenge yanayoonekana barabarani ni ushahidi wa kutosha. Aina ya metali hupakwa tabaka jembamba mno la madini kama aluminiamu, nayo huakisi joto vizuri na kudumu. Kasoro yake ni kwamba metali huzuia pia mawimbi ya redio. Simu huweza kupoteza nguvu, redio ikakwaruza, na kifaa cha kuelekeza njia kwa setilaiti kikachelewa kupata mahali gari lilipo. Ni kasoro kubwa kwa magari ambayo antena yake imechorwa kwenye kioo cha nyuma.

Utando wa kaboni haupauki wala haudhuru mawimbi, na bei yake ni ya wastani. Wa kauri una chembechembe ndogo mno zisizo za metali, zinazozuia infraredi bila kulifanya gari kuwa la giza. Gharama yake huwa mara kadhaa ya ile ya rangi. Vilevile kuna utando wa tabaka nyingi za plastiki zilizopangwa ili kuakisi mawimbi fulani pekee. Ule wa Crystalline wa kampuni ya 3M una zaidi ya tabaka 200, ingawa ni mwembamba kuliko kipande cha karatasi ya kuandikia. Kwa anayeshinda garini kutwa, aina hizi mbili za mwisho zina thamani yake. Kwa gari linaloondoka gereji ya nyumbani Jumapili tu, huenda fedha hizo zikafaa kwingine.

Wakenya wengi hununua magari yaliyotumika kutoka Japani, na suala hili huwahusu kwa namna ya pekee. Sheria ya Japani huhitaji kioo cha mbele na madirisha ya mbele yapitishe angalau asilimia 70 ya nuru, lakini ya nyuma hayana kikomo hicho. Kwa hiyo magari mengi, hasa yale makubwa ya familia, hushuka bandarini Mombasa yakiwa na vioo vyeusi nyuma. Weusi huo si utando. Ni rangi iliyochanganywa ndani ya kioo kiwandani. Wenye magari hayo hudhani kwamba upande wa nyuma umeshakingwa, kumbe kioo hicho huruhusu joto jingi kwa kulifyonza na kulitoa ndani. Njia bora ni kuongeza juu yake utando mwangavu wa kauri, si mweusi mwingine.

Ikumbukwe pia kwamba tarakimu za giza huzidishwa, hazijumlishwi. Dirisha la kawaida linalopitisha asilimia 78, likibandikwa utando wa asilimia 50, hubaki na asilimia 39. Kioo cheusi cha kiwandani cha asilimia 20, kikiongezewa utando huohuo, hubaki na asilimia 10, na dereva anayerudi kinyumenyume usiku atalazimika kukisia.

Jua la ikweta huzidisha umuhimu wa kuchagua vizuri. Adhuhuri jua huwa juu ya paa, lakini asubuhi na alasiri hupiga madirisha ya pembeni moja kwa moja. Anayetoka Mombasa alasiri kwenda Nairobi huelekea kaskazini magharibi, kwa hiyo jua humpiga kutoka mbele upande wa kushoto, na abiria wa kiti cha mbele ndiye anayebeba mzigo. Kioo cha mbele ndicho kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachopitisha joto jingi. Wengi hawakigusi. Utando mwangavu wa kauri hapo huweza kuleta nafuu kuliko kuyafanya meusi madirisha yote ya nyuma.

Ngozi nayo ina hesabu yake. Kioo cha mbele hutengenezwa kwa vioo viwili vilivyogandishwa kwa plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia karibu miali yote ya urujuanimno. Madirisha ya pembeni kwa kawaida ni kioo kimoja, ambacho huacha sehemu kubwa ya miali hiyo ipite. Mwaka wa 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la mizigo kwa miaka 28 huko Marekani. Upande wa kushoto wa uso wake, ule uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa umekunjamana na kuzeeka kwa miaka mingi kuliko wa kulia. Nchini Kenya dereva huketi kulia, basi shavu na mkono wa kulia ndio ulio hatarini. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani lasema kwamba nguvu ya miali hii huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Habari njema ni kwamba utando mwingi wa viwango, hata ule mwangavu kabisa, huzuia asilimia 99 ya urujuanimno. Familia iliyo na mtu mwenye ulemavu wa ngozi, yaani albino, haihitaji gari la giza ili kumkinga.

Giza lina gharama yake barabarani. Sehemu nyingi za barabara za Kenya hazina taa, na watembea kwa miguu na waendeshaji baiskeli huzitumia usiku. Dereva aliyefunika madirisha yake ya mbele kwa tinti nzito humwona mtu anayevuka akiwa amechelewa. Kwa madirisha hayo mawili, kiwango cha asilimia 70 kinachotumika Japani na Uingereza ni kipimo cha busara. Kuhusu matatu na mabasi, kanuni za uchukuzi wa umma za mwaka wa 2014 zilikataza vioo vya tinti, katika kipindi ambapo nchi ilikabiliwa na mashambulio ya kigaidi.

Ubora wa kazi ya fundi una uzito sawa na ubora wa bidhaa. Utando hubandikwa upande wa ndani wa kioo, kwa maji ya sabuni, na adui mkubwa ni vumbi. Anayebandika kando ya barabara huku magari yakipita hawezi kuepuka chembe zitakazobaki chini ya plastiki milele. Mteja adai dhamana iliyoandikwa, itakayotaja jina la bidhaa na miaka. Baada ya kazi, madirisha yasifunguliwe kwa siku tatu hadi tano, na ukungu wa maji unaoonekana huweza kuchukua wiki kadhaa kukauka. Sabuni za vioo zenye amonia huharibu aina nyingi. Maji na kitambaa laini vyatosha.

Anayeondoa tinti kuukuu ana la kuangalia zaidi. Nyaya nyembamba zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma, zinazofuta ukungu asubuhi za baridi na wakati mwingine kupokea redio, hung'oka kwa wembe. Fundi anayejua kazi yake huulainisha utando kwa mvuke au joto kwanza na kuuvua polepole. Anayeanza kwa kukwangua humwachia mteja kioo ambacho hakitengenezeki.