Tui si maziwa: Mapishi ya mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe

MTOTO wa Mbwajumali, kisiwani Pate katika Kaunti ya Lamu, anapobainika kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe, jiko la kwao huwa tayari lina vingi vya kumfaa. Mapishi ya pwani hutegemea nazi, samaki, nafaka na pojo, vyakula ambavyo kwa asili havina maziwa. Hata hivyo, jiko hilo hilo lina mitego miwili: tui linalodhaniwa kuwa badala ya maziwa, na samli inayodhaniwa kuwa mafuta matupu.

Maana na dalili

Mzio huu hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia protini za maziwa, yaani kaseini na wei, kana kwamba ni vijidudu vya maradhi. Ni tofauti na hali ya tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, ambayo haihusiani na kinga.

Kuna dalili za haraka, zinazojitokeza kati ya dakika chache na saa mbili: vipele vya kuwasha, kuvimba midomo au macho, kutapika na, kwa nadra, kushindwa kupumua. Zile za polepole huchukua saa kadhaa au hata siku: kuharisha, choo chenye damu au kamasi, ukurutu usiopona na uzito usioongezeka.

Kwa kuwa dalili za polepole hufanana na za maradhi mengine, mzazi asijiamulie. Kwa kawaida daktari huagiza maziwa yaachwe kwa wiki 2 hadi 4, kisha yarudishwe ili ionekane kama dalili zitarejea. Kumwondolea mtoto maziwa bila sababu ni kumpunguzia lishe.

Mtoto aliyewahi kupata dalili za haraka asijaribiwe nyumbani kamwe. Safari ya kutoka Pate hadi mjini Lamu ni ya baharini, na mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika kwa shida maji yanapokupwa. Mtoto anayeshindwa kupumua hawezi kungoja maji yajae. Apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu zaidi.

Maziwa ya mama kwanza

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya, pamoja na kula, hadi miaka 2 au zaidi. Mzio haubatilishi ushauri huo. Iwapo mtoto anadhurika kwa protini zinazopita katika titi, daktari anaweza kumtaka mama mwenyewe aache maziwa kwa muda, huku akipewa madini ya kalsiamu.

Mtoto asiyenyonya na ambaye hajatimiza mwaka huhitaji maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, kwa agizo la daktari. Maziwa ya mbuzi hayafai, kwani protini zake zinakaribiana mno na za ng'ombe. Kuyachemsha si dawa pia.

Tui nalo ni kiungo cha chakula, si kinywaji cha kumlea mtoto. Lina mafuta ya kumtia nguvu, lakini protini na kalsiamu yake ni kidogo. Anayelishwa tui badala ya maziwa huweza kuonekana ameshiba ilhali anadhoofika.

Boga, pojo na samaki

Chakula hiki kinamfaa mtoto wa miezi 7 na kuendelea:

• Pojo vijiko 3, zilizolowekwa usiku kucha
• Boga kipande cha ukubwa wa kiganja, limenywe na kukatwakatwa
• Changu kipande kidogo, kilichochemshwa
• Majani machache ya mchicha
• Tui zito vijiko 2

Chemsha pojo hadi zivurugike. Tia boga, liive hadi lilainike, kisha mchicha. Chambua samaki kwa vidole, si kwa macho tu, hadi uhakikishe hakuna mwiba, umtie chunguni. Malizia kwa tui, liache lichemke kidogo, uepue na kuponda. Usitie chumvi wala sukari.

Anza kwa vijiko 2 au 3, ukiongeza polepole hadi nusu kikombe. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 hula mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Samaki, yai lililoiva kabisa na karanga zilizosagwa hadi kulainika navyo vyaweza kuleta mzio. Kwa hiyo anzisha kimoja kimoja, kwa siku tofauti, na kwa mtoto aliyewahi kupata dalili za haraka, uliza daktari kwanza.

Kwa kiamsha kinywa, uji wa mtama uliotiwa tui na ndizi mbivu iliyopondwa unatosha. Asali isitumiwe kabla ya mwaka mmoja.

Maziwa yaliyojificha

Samli hubaki na chembe za protini hata baada ya kuchujwa. Biskuti, mikate ya dukani, baadhi ya majarini na unga wa uji uliochanganywa huwa na maziwa ya unga. Soma maandishi ya pakiti kila unaponunua. Mwiko uliokoroga chai ya maziwa uoshwe kwa sabuni kabla ya kuingia katika chungu cha mtoto. Nyanya, shangazi na majirani nao waelezwe, kwani tone moja la mapenzi laweza kumlaza mtoto hospitalini.

Watoto wengi huachana na mzio huu kabla ya kuanza shule. Daktari ndiye wa kuamua ni lini maziwa yarudishwe, na yarudishwe vipi.