Samaki Aliyekuwa Msosi wa Paka, Leo Bei Yake Inajenga Ghorofa

Wadau, hebu vuta picha. Ni alfajiri ya tarehe 5 Januari 2019, soko la samaki la Toyosu, jijini Tokyo. Kengele inalia, madalali wanaanza kuita bei, na muda mfupi baadaye samaki mmoja wa kilo 278 anaondoka kwa yeni milioni 333.6. Kwa kiwango cha wakati ule, hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 7 za Kitanzania. Samaki mmoja! Wale mnaolia na bei pale Feri, poleni, kuna wenzenu.

Picha zilizozunguka mitandaoni siku ile zilikuwa za mnunuzi, bosi wa migahawa ya sushi anayefahamika kama mfalme wa jodari, katanua mikono mbele ya mzigo wake. Aliyemvua samaki mwenyewe wala hakuzungumziwa sana. Leo tunaanzia kwake.

Mji wa mwisho kabisa

Samaki yule alitoka Oma, mji mdogo wa wavuvi kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Honshu, mkoa wa Aomori. Mbele yake kuna Mlango Bahari wa Tsugaru, na ng'ambo ya pili ni kisiwa cha Hokkaido. Hapo mikondo ya maji ya moto na ya baridi inakutana, kwa hiyo ngisi na samaki wadogo wanajaa. Jodari mwenye pezi la buluu anawafuata, anakula, ananenepa. Kadiri baridi inavyozidi, ndivyo mafuta yanavyoongezeka mwilini mwake. Desemba ndiyo anakuwa mtamu zaidi.

Shida ni kwamba Desemba ndiyo pia wakati wa theluji, upepo wa kukata masikio na mawimbi yasiyo na adabu.

Njia iliyoipa Oma jina ni ya kizamani: mshipi mmoja, ndoana moja, chambo hai. Boti ni ndogo, ndani mna mtu mmoja au wawili. Jodari akinasa anakimbia na mshipi kwa nguvu za ajabu, na ukizubaa mkono wako unaenda nao. Siku hizi zipo mashine za kuvutia mshipi, na kifaa cha umeme kinachoshushwa majini kumzimisha samaki akishakaribia. Kisha chusa.

Akishapandishwa, hakuna kupumzika wala kupiga selfi. Anatolewa damu, matumbo yanaondolewa, barafu inajazwa. Mwili wa jodari una joto kuliko maji anayoogelea, na akipambana muda mrefu nyama inaharibika rangi na ladha. Ukichelewa, bei inashuka. Na hapo ni siku ya bahati, maana kuna wanaotoka kila siku kwa wiki nzima na kurudi na bili ya mafuta tu.

Zamani hakuwa na hadhi hiyo

Sasa hapa ndipo patamu. Ukimrudisha Mjapani wa karne ya 19 leo, ukamwonyesha bei hizi, atakucheka. Enzi zile jodari alikuwa samaki wa watu wa chini. Hakukuwa na barafu, na samaki mwenye mafuta anaoza haraka. Walimlowesha kwenye mchuzi wa soya ili asiharibike. Ule mnofu wa tumbo wenye mafuta, toro, ambao leo ndio unaogombaniwa, ulikuwa wa kutupa. Kulikuwa hata na msemo kwamba ni kitu ambacho paka anakiruka na kupita zake.

Huko Marekani na Kanada nako, ndugu yake wa Atlantiki alikuwa wa michezo tu. Matajiri walimvua, wakampima uzito, wakapiga naye picha, halafu wakamfukia shimoni. Wengine waliuzwa kwa senti kadhaa kutengenezea chakula cha paka na mbwa.

Kilichobadilisha mambo ni ndege. Miaka ya 1970 mwanzoni, Japani ilikuwa inapeleka bidhaa zake Amerika Kaskazini kwa ndege, ila ndege zikirudi zinarudi tupu. Wafanyakazi wa shirika la ndege la Japani wakatumwa kutafuta mzigo wowote wa kurudi nao. Wakawakuta wale jodari wanaofukiwa Kanada. Agosti 1972 jodari kutoka kisiwa cha Prince Edward wakauzwa mnadani Tokyo. Majokofu yalishaenea, Wajapani walishaanza kupenda vyakula vya mafuta, na baadaye sushi ikasambaa dunia nzima. Msosi wa paka ukawa dhahabu.

Oma nayo ikapata ustaa wake. Mwaka 1983 ikatoka filamu ya Gyoei no Mure, kuhusu wavuvi wa hapo. Mwaka 1994 akavuliwa jodari wa kilo 440, na leo kuna sanamu yake ambapo watalii wanapiga picha. Mwaka 2001, kwenye mnada wa kwanza wa mwaka, jodari wa Oma wa kilo 202 akauzwa yeni milioni 20.2. Watu wakashika vichwa. Mwaka 2013 wa kilo 222 akafika milioni 155.4. Kisha ndiyo ile 2019.

Tusidanganyane lakini: bei ya mnada wa kwanza ni tangazo. Yule bosi alimkatakata samaki wake na kumuuza kwenye migahawa kwa bei ya kawaida. Alichonunua ni kuonekana kwenye kila televisheni. Siku zinazofuata, bei inarudi chini sana, na kuna mvuvi mwingine aliyepata samaki mzuri vilevile siku isiyo na kamera.

Dhahabu ikaanza kuisha

Bei ikipanda, kila mtu anataka kuvua. Kufikia miaka ya 2010, wanasayansi walikadiria kwamba jodari hawa wa Pasifiki, wale wakubwa wa kuzaa, wamebaki chini ya asilimia 4 ya idadi ambayo ingekuwepo bila uvuvi. Wengi walikuwa wanavuliwa wakiwa wadogo, kabla hata ya kuzaa mara moja.

Nchi husika zikakubaliana: kuanzia 2015 uvuvi wa wale wa chini ya kilo 30 ukakatwa nusu, na baadaye Japani ikagawa viwango hadi vijijini. Mvuvi wa mshipi mmoja, ambaye hakuwahi kumaliza bahari, naye akaambiwa ukifikisha kiwango, basi, funga boti. Iliuma. Ila ilifanya kazi. Tathmini ya 2024 ilionyesha wamerudi hadi kama asilimia 23, miaka kadhaa kabla ya muda uliopangwa, na kuanzia 2025 kiwango cha wakubwa kikaongezwa kwa asilimia 50.

Kinachouma zaidi ni kwamba palepale Oma kuna waliochakachua. Mwaka 2023 wakuu wawili wa kampuni za kununua samaki walikamatwa kwa kushiriki kuficha sehemu ya jodari waliovuliwa. Wenzao walikuwa wamefunga boti kwa kufuata sheria, huku mzigo wa wengine ukipita mlango wa nyuma. Mwaka 2024 Japani ikabadili sheria: jodari wakubwa wahesabiwe mmoja mmoja, siyo kuandika uzito tu.

Kwa hiyo ukiona tena Januari zile picha za kisu na tabasamu, mkumbuke yule aliyekuwa kwenye boti Desemba, vidole vimekufa ganzi, ambaye ameshakataa kumtupia ndoana samaki mwingine kwa sababu kiwango chake kimeisha.

Haya wadau, tuambizane ukweli: ungekuwa wewe, boti yako, deni la mafuta lipo, na jodari wa mamilioni anapita chini yako, ungemwacha? Tupia maoni hapo chini.