Stendi ya Tenki la Samaki Iwe na Kimo Gani? Historia Fupi ya Macho na Maji

Msomaji, leo tunaanza na kosa langu mwenyewe.

Likizo ya mwisho wa mwaka nilikwenda nyumbani Nachingwea nikiwa na mpango mmoja kichwani: kumtengenezea mpwa wangu wa miaka sita tenki la samaki. Vioo nikakatiwa mjini, silikoni nikanunua duka la vifaa vya ujenzi, na fundi seremala wa jirani akatafuta mbao. Aliponiuliza stendi iende juu kiasi gani, nilimjibu bila hata kufikiri: sentimita 110. Namba hiyo niliitoa wapi? Kwenye picha ya duka moja la Dar es Salaam iliyokuwa kwenye simu yangu. Nilikadiria kwa macho, basi.

Jioni ya tatu mtoto akasogeza kigoda ili aone samaki wake. Kigoda kikateleza, naye akang'ang'ania ukingo wa kioo. Tenki likayumba, maji yakamwagika hadi mlangoni, na bibi yake akawahi kulishika. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningetakiwa kuipiga kabla ya fundi kushika msumeno.

Hesabu hiyo nitakuonyesha. Kwanza, twende kwenye historia, kwa sababu swali la kimo cha stendi lina umri mkubwa kuliko unavyodhani.

Zamani samaki walitazamwa kutoka juu

Wachina walianza kufuga samaki wa dhahabu kwenye mabwawa miaka elfu moja hivi iliyopita, na baadaye wakawaweka kwenye mitungi mikubwa ya kauri. Mtungi wa kauri hauonyeshi ndani. Ukitaka kumwona samaki, unainama na kuchungulia kutoka juu. Kwa hiyo wafugaji walichagua samaki wenye migongo na mikia inayopendeza ukiwa umesimama juu yao. Japani mpaka leo kuna aina inayoitwa ranchu, samaki mnene asiye na pezi la mgongoni, ambaye kwa desturi anashindanishwa kwa kutazamwa kutoka juu. Kwa mtu wa namna hiyo, stendi nzuri ni fupi, au haipo kabisa. Mtungi unakaa chini.

Ulaya nako hali ilikuwa hiyohiyo kwa muda mrefu. Mabadiliko yalikuja karne ya 19. Mwaka 1832, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, akiishi Messina kule Sicily, alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze agonauti, mnyama wa bahari wa jamii ya pweza. Wataalamu walikuwa wakibishana: gamba lake analijenga mwenyewe au analiiba kwa mnyama mwingine? Kwa kumtazama akiwa hai, ndani ya maji, Jeanne alionyesha kwamba analijenga mwenyewe.

Kisha mwaka 1845 Uingereza ikafuta kodi ya vioo, na kioo kikashuka bei. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kuishi pamoja kwenye chombo kimoja bila maji kuharibika haraka. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza neno "aquarium". Ghafla kila familia yenye uwezo ilitaka tenki sebuleni. Hapo ndipo meza za kuwekea tenki zilipoanza kuwa suala la kujadiliwa, kwa sababu upande wa mbele sasa ulikuwa kioo, na kioo kinataka kiwe mbele ya macho.

Mwanabiolojia wa Marekani, Stephen Jay Gould, aliwahi kuandika insha kuhusu jambo hili. Alibaini kwamba kabla ya wimbi hilo la matenki, wachoraji wengi waliwachora wanyama wa baharini kama anavyowaona mtu aliye ufukweni: wametupwa mchangani, au wanatazamwa kutoka juu ya maji. Baada ya matenki kuenea, picha zikabadilika. Mchoraji "akaingia" majini, akamtazama samaki uso kwa uso. Yaani, kumbe, mtazamo ambao sisi tunauona wa kawaida kabisa ulihitaji kioo, na ulihitaji mtu wa kukiinua kioo hicho hadi usawa wa macho.

Madimbwi yetu

Sasa rudi Nachingwea. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Zikikatika, madimbwi yanaanza kukauka. Mashariki mwa Tanzania, kwenye madimbwi ya namna hiyo, wanaishi samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius. Mmoja wao, Nothobranchius guentheri wa Unguja, aliandikwa kisayansi mwaka 1893. Maisha yao ni ya ajabu: wanaanguliwa mvua zinapojaza dimbwi, wanakua haraka, wanataga mayai kwenye tope, dimbwi linakauka na wao wanakufa. Mayai yanabaki hai ndani ya udongo mkavu mpaka mvua zirudi. Wafugaji wa matenki Ulaya na Marekani wanawapenda sana.

Lakini uliza watoto waliokulia jirani na madimbwi kama hayo. Wengi watakuambia ni visamaki vya rangi ya udongo. Hawasemi uongo. Wao wamesimama ukingoni, wanatazama chini, maji yana tope, na kinachoonekana ni mgongo. Rangi za dume, nyekundu na buluu, ziko ubavuni na kwenye mapezi. Unaweza kukua jirani na mnyama mzuri kiasi hicho na usimjue, kwa sababu tu ya pembe unayomtazamia.

Mji wetu una kumbukumbu nyingine ya kutazama kutoka juu. Mwaka 1946 Waingereza walimtuma John Wakefield na wenzake Afrika Mashariki kukagua ardhi kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga. Walizunguka kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya ndege. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Kutoka angani unaona vichaka. Huoni kwamba udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama tofali, hata kuchimba karanga ni shida. Januari 1951 mradi ukatupwa, na hasara ya takribani pauni milioni 36 ikafutwa kwenye vitabu. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa mapema miaka ya 1960. Mimi na stendi yangu ya sentimita 110 tulifanya kosa la ukoo huohuo, ila dogo: tulijenga kwanza, tukapima baadaye.

Hesabu ambayo ningeipiga mapema

Tenki letu lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kina 45. Zidisha: ni lita 162. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza vioo na changarawe, unafika karibu kilo 210. Hayo ni magunia mawili ya mahindi na zaidi.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi wanachanganya: je, stendi ndefu inaongeza msukumo wa maji kwenye kioo? Hapana. Simon Stevin wa Uholanzi alieleza mwaka 1586 kwamba msukumo wa maji unategemea kina chake. Kioo cha mbele cha tenki letu kinasukumwa kwa nguvu ya takribani kilo 91, liwe sakafuni au darini. Kwa hiyo ukitaka tenki lenye kina kikubwa, nenepesha kioo. Kimo cha stendi hakihusiki.

Kinachobadilika ni uwezekano wa kuanguka. Tuseme stendi ina upana uleule wa tenki, sentimita 40, na haijafungwa ukutani. Nguvu ya kusukuma au kuvuta kwa mlalo kwenye ukingo wa juu, inayotosha kuanza kulipindua, ni hii (sijahesabu uzito wa stendi yenyewe):

- Stendi ya sentimita 45: takribani kilo 47.
- Stendi ya sentimita 75: takribani kilo 35.
- Stendi ya sentimita 110: takribani kilo 27.

Na hizo ni hesabu za maji yaliyotulia. Maji yakianza kucheza ndani ya tenki, yenyewe yanasaidia kusukuma. Sasa mfikirie mtoto wa kilo 20 anayeteleza na kushika ukingo kwa nguvu zake zote. Unaelewa kwa nini sikulala.

La pili ni miguu. Mwaka 1744 Leonhard Euler alionyesha kwamba nguzo nyembamba ikibebeshwa mzigo haisubiri kusagika. Inapinda ubavuni kwanza. Ukiongeza urefu wake mara mbili, mzigo unaoweza kuipinda unashuka hadi robo. Kwa mbao nene za mbili kwa nne hilo si tatizo kubwa, lakini kwa vyuma vyembamba vya kuchomelea ni tatizo. Dawa yake ni mbao za mshazari nyuma na pembeni, ambazo pia zinazuia stendi isilale upande kama boksi tupu.

Basi tuchague

Pima macho ya watakaotazama. Chukua tepu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye jicho. Kwa wastani wa nyumbani kwetu nilipata hivi: mtu mzima amesimama, sentimita 152; ameketi kwenye kiti, 115; ameketi kwenye mkeka, 72; mpwa wangu amesimama, 100.

Kisha toa nusu ya kina cha tenki, kwetu ni sentimita 22 na kidogo, ili katikati ya maji iwe mbele ya jicho. Kwa mtu wa kwenye kiti unapata stendi ya sentimita 92. Kwa wa kwenye mkeka, 50. Kwa mtoto aliyesimama, 77. Kwa mtu mzima aliyesimama unapata karibu 130, na hiyo ndiyo sababu dukani wanaweka juu: mteja anapita amesimama, haketi. Picha niliyoiga ilikuwa sahihi, ila kwa macho ya watu wengine.

Tulikubaliana 75, ambayo fundi aliiita futi mbili na nusu. Mtoto anaona uso kwa uso, bibi kwenye kiti anatazama chini kidogo tu, na ukingo wa juu unabaki sentimita 120, kwa hiyo mtu mzima anafikisha mkono hadi kwenye changarawe bila kupanda kitu. Kusafisha nako ni rahisi: ndoo inakaa chini kabisa ya usawa wa maji, mpira unavuta wenyewe.

Kama kwenu mnakaa mkekani, usione aibu kujenga stendi ya sentimita 50. Itakuwa imara zaidi kuliko yangu.

Mambo mengine manne kabla hujamwita fundi:

1. Tanua kitako. Stendi yenye upana wa sentimita 55 chini ni ngumu zaidi kupinduka kuliko ya 40. Ukiweza, ifunge ukutani kwa vyuma viwili.
2. Weka vitu vizito chini. Mwaka 1871, kwenye akwariamu ya Crystal Palace jijini London, William Alford Lloyd aliweka hifadhi kubwa ya maji chini ya jengo na kuyapandisha kwa pampu. Wewe weka rafu ya chini, upange madumu ya maji ya akiba.
3. Tumia pimamaji pande zote mbili. Tenki likiinama, kona moja ya kioo inabeba kuliko nyingine. Kama sakafu ni ya udongo, kila mguu ukae juu ya kipande cha ubao au zege, kisha pima tena baada ya kujaza nusu ya maji.
4. Kumbuka mchwa. Ukipata mninga ni heri. Ukikosa, paka dawa miguu na uikague kila mwezi, maana mchwa anakula ndani na nje anakuachia rangi.

Fundi alikata miguu asubuhi moja, akaongeza mbao za mshazari, tukafunga stendi ukutani. Kigoda kilirudi jikoni. Mpwa wangu sasa anakaa mbele ya kioo na daftari, na wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia kwamba samaki wake mmoja ana mstari ubavuni ambao hakuwahi kuuona. Ulikuwepo siku zote.

Wewe je, jioni hii ukirudi nyumbani, jicho la mdogo kuliko wote liko sentimita ngapi kutoka sakafuni? Pima, kisha ndipo umwambie fundi.